Watazamaji Wetu Hawakai Kimya

Hotuba kwa waigizaji vijana, Ngome Kongwe, Unguja, Siku ya Maigizo Duniani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliotangulia, wenzangu wa steji, na nyinyi wanangu mliojaa hapa mbele. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya uigizaji kama nilivyoiishi mie. Siku hii ya 27 Machi huadhimishwa duniani tangu mwaka 1962, na ada yake ni kusomwa ujumbe wa msanii mmoja mkubwa. Wa kwanza uliandikwa na Mfaransa, Jean Cocteau. Ujumbe wa mwaka huu mmeshasomewa, na ni mzuri. Mie nitasema ya kwetu.

Nianze na pahala hapa tulipo. Ngome hii waliijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoka. Imekaa askari, imekaa wafungwa, leo tumekaa sisi. Mwigizaji aliyezoea ukumbi wenye kuta nne na milango inayofungwa, akija kucheza hapa mara ya kwanza hubabaika. Upepo wa Forodhani unamchukulia nusu ya maneno yake. Boti inapiga honi. Nje watu wanaitana kwenye meza za urojo na mishikaki. Kisha ikifika isha, mchezo uko pahala pa moto, adhana inaanza msikiti huu, unapokea ule, na kila mtu hapa anajua kuwa sasa mchezo unasimama.

Wakati ule mwigizaji afanye nini? Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza usiku mmoja hapa hapa.

Nilikuwa nacheza mke mkubwa. Mwenzangu kacheza mke mdogo. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya cherehani: mume kainunua kwa pesa za nani, na nani ana haki ya kuishonea. Katikati ya matusi nilivua kanga yangu begani nikamtupia usoni, kama mchezo ulivyotaka. Ikaanguka chini, miguuni pake. Mkono wangu uko juu, kidole kinamwelekea, na hapo adhana ikaanza. Tukanyamaza. Mwenzangu, bila ya haraka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha kamba na kujivuta kanga yake kichwani, kama anavyofanya mwanamke yeyote akisikia adhana. Na mie? Kanga yangu iko chini, miguuni pa yule niliyekuwa namtukana. Ikabidi niuteremshe ule mkono, niinamie miguu yake, niokote, nijifunike.

Tulikaa hivyo, kimya, wanawake wawili wamejitanda, mpaka msikiti wa mwisho ukamaliza. Sauti moja ya mtu mzima kutoka safu za nyuma ikasema taratibu, "Sasa ndiyo mnaelewana." Nilipoanza tena kusema, sikuweza kupiga kelele. Nilisema maneno yale yale ya ugomvi kwa sauti ya chini, na mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi yakawa ya kweli.

Nimewaeleza kisa hiki kwa sababu ya yule mtu wa nyuma. Ndiye ninayetaka kumzungumza leo.

Miaka hii nimewaona waongozaji vijana, tena wenye vipaji, wanatoka mbele kabla ya mchezo kuanza na kuwaambia watu: tafadhali kaeni kimya, msiwajibu wahusika, msiingilie. Wanadhani ndiyo ustaarabu wa tamthilia. Wamewaona kwenye simu zao watazamaji wa nchi nyengine, wamekaa gizani, wanapiga makofi mwisho tu, na sasa wanawaonea haya wa kwetu. Mie nawaambia kwa mapenzi yote: msione haya. Mtazamaji wa Unguja na Pemba anayejibu hajakosa adabu. Anacheza sehemu yake. Ameilea sanaa hii kabla hatujaijengea steji.

Tazameni Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, kila Julai. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, wakubwa na wadogo, na wanawake wamejipamba wanapita wakiimba. Nani pale mwigizaji, nani mtazamaji? Kibanda kinachomwa moto mbele ya watu wote, na mtu aliyekuwa ndani anatoka na kukimbia. Kila mmoja anajua hakuna atakayeungua, na kila mmoja moyo unamdunda. Nendeni Pemba mkaitazame kibati: watu wanasemezana mbio mbio, huyu anatupa neno, yule analidaka na kulirudisha, ngoma haisubiri. Anayechelewa kujibu kapitwa. Nimefanya kazi na waigizaji waliopita vyuoni, na bado sijaona mazoezi ya ulimi na sikio yanayoishinda kibati.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo, mfunzi wa wasichana katika unyago. Aliwacheza wari kwa miaka mingi. Ya ndani ya unyago siyasemi, si ya kusemwa hapa. Lakini jikoni kwake, akiwa anakuna nazi, alikuwa anaigiza mtaa mzima. Alikuwa na mwendo wa jirani mwenye goti bovu, alikuwa na kikohozi cha mzee mmoja kinachoanza kabla hajabisha hodi, ili wanawake wapate muda wa kujisitiri. Na hakuigiza peke yake. Alikuwa anasita, mbuzi ya kukunia iko chini yake, anatutazama. Anangoja. Mmoja wetu lazima amjibu kama angelimjibu yule jirani. Usipojibu, mchezo umekufa, na yeye anarudi kwenye nazi yake.

Kikohozi kile ndicho kilichoniokoa. Baba yangu hakutaka kusikia habari ya mimi kuigiza. "Mtoto wa kike kusimama mbele za watu!" Basi nilianza redioni, kwenye studio za Raha Leo, nikiwa bado skuli, kwa siri ya mama. Redioni husimami mbele ya mtu. Nilipewa nafasi ya bibi kizee, mie wa miaka kumi na saba. Baba akawa anausikiliza mchezo ule kila wiki barazani na wenzake bila ya kujua. Siku mtu alipomwambia, alirudi nyumbani jioni, akakaa, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akaniuliza jambo moja: "Kukohoa vile kakufunza nani?" Nikamwambia, bibi. Akatikisa kichwa. Hakuninyima ruhusa tena.

Najua wapo kati yenu, hasa wasichana, mnaotoka majumbani kwenu kuja mazoezini kwa visingizio. Sitawaambia ni jambo jepesi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alitoka kijiji cha Fumba na vyungu vya kuuza kichwani, akafika Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye sahani za santuri, na mtu huyo huyo akaimbiwa kejeli za sura yake na asili yake. Alijibu kwa kuimba. Na alichoimba yeye na wenzake ni mambo ya mtaani: kesi, dhulma, mwanamke mgeni aliyeuliwa Unguja na muuaji akakimbilia bara. Watu walikuwa wanasikia asubuhi sokoni na usiku kwake. Hakuwatungia watu waliokaa kimya.

Redioni nilijifunza nusu ya kazi. Studio ilikuwa na maikrofoni moja, sisi wanne tumeizunguka. Nyayo zilitengenezwa kwa jozi ya makubadhi na sinia la mchanga. Karatasi haitakiwi isikike, kwa hiyo kila ukurasa ukimaliza unauachia tu uteleze mpaka kwenye jamvi. Mwisho wa kipindi miguu yetu ilikuwa imefunikwa na mchezo mzima. Pale palikuwa na mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekuwa anafumba macho kila mwenzake anapozungumza. Mie nilikuwa nafuata maneno kwenye karatasi kwa kidole, nangoja yangu. Siku moja akaniwekea mkono juu ya karatasi, akaifunika. Akaniambia, "Usingojee zamu yako. Nisikilize miye. Zamu itakuja yenyewe."

Nusu ya pili nimeipata Pemba, na hii nataka niieleze pole pole.

Tulikwenda na mchezo wetu kwa boti mpaka Mkoani, kisha kwa gari mpaka kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni. Msimu wa karafuu ulikuwa ndiyo kwanza umemalizika. Mnajua Pemba ndiyo iliyobaki na karafuu tangu ile tufani ya 1872 iliyoilaza mikarafuu ya Unguja, na huko huwezi kucheza mchezo wa mikarafuu ukasema ni hadithi. Tulicheza kwenye uwanja, juu ya majamvi yale yale yaliyoanikiwa karafuu. Harufu yake ilitupanda nguoni. Tulikuwa na jenereta na globu mbili.

Mie nilikuwa mjane aliyeachiwa mikarafuu kumi na moja. Mwanangu kaziuza karafuu zingali juu ya mti, pesa kazila, na sasa mnunuzi anakuja kudai. Mwanangu ananieleza. Kwa mujibu wa mchezo, mie ninalia, ninaanguka, globu zinazimwa. Tulikuwa tumeshaucheza Unguja mara nyingi na kilio kile kilikuwa kinasifiwa.

Nikafika pahala pa kulia. Nikafungua kinywa. Mwanamke mmoja akasimama kutoka upande wa wanawake, mtu mzima, amempakata mjukuu. Akanyoosha mkono. "Usilie! Usilie we mama! Mwambie akuoneshe hati!" Na wengine nyuma yake: "Naam, hati! Kaandikiana na nani? Hati iko wapi?"

Ningeweza kuendelea. Kilio kilikuwa changu, nimekifanyia mazoezi wiki sita. Niliona pembeni muongozaji wetu ananifanyia ishara ya mkono, endelea, endelea. Lakini yule mama alikuwa bado amesimama. Alikuwa hamtazami mwigizaji. Alikuwa ananitazama mie mjane.

Nikajifuta uso. Nikamgeukia mwanangu, nikamwambia, "Nioneshe hati."

Kijana yule ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kwenda Pemba. Hakuwa na hati, nani angempa? Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Akatoa kitu kimekunjwa, akakitazama, na nikamwona anashtuka, kwa sababu ilikuwa tiketi yake ya boti, ya kurudi Unguja asubuhi yake. Alitaka kuirudisha mfukoni. Nikamkamata mkono. Nikaichukua, nikaisogeza chini ya globu, nikaikunjua, nikaisoma mstari kwa mstari kama asomavyo mtu ambaye kusoma hakumjii upesi.

"Hii si hati," nikamwambia. "Hii tiketi ya boti. Ya kesho."

Uwanja mzima haukutoa sauti. Jenereta peke yake. Mjane alikuwa amegundua kwamba mwanawe anamkimbia. Jambo hilo halikuwemo kwenye mchezo wetu, na lilikuwa kweli kuliko yote yaliyokuwemo. Kijana akasema, kwa sauti ya mtoto, "Sikutaka uione." Akalia yeye. Mie sikulia. Mtu wa taa hakujua azime au asizime, maana ishara yake ilikuwa kilio changu. Tukabaki hivyo kwenye mwanga, tunatazamana, mpaka yule mama akakaa chini, na alipokaa yeye ndipo tulipojua mchezo umekwisha.

Tangu usiku ule tiketi iliingia mchezoni. Lakini nisiwafiche, haikufanana tena. Usiku wa pili kijana alikuwa nayo tayari mfukoni, na mie nilikuwa najua nitakachokiona. Ilitubidi tuisake upya kila usiku, na kila kijiji kilitudai kitu chengine. Kimoja kilituuliza mbona mashahidi hawapo. Pengine watu walitaka sheha, kiongozi wa kijiji, aitwe, na mtazamaji mmoja akainuka akawa sheha.

Mtu ataniambia hayo ni ya vijijini, tamthilia ya kweli ina utaratibu wake. Globe, jumba la maigizo la Shakespeare, lilipojengwa London mwaka 1599, lilikuwa wazi juu, michezo ilichezwa mchana, na watu wa kawaida walisimama uwanjani kulizunguka jukwaa kwa karibu, huku waigizaji wakiwaona nyuso. Mwalimu Nyerere alipoanza kumfasiri Shakespeare, kitabu cha mwanzo, mwaka 1963, kilikuwa kisa cha Julius Caesar. Kisomeni pale Antony anapohutubia mbele ya maiti ya Caesar. Watu wa Roma hawanyamazi! Wanamkatiza, wanabishana, wanageuka upande huu na ule, na yeye anawasikiliza na kulibadilisha neno lake. Ziondoeni sauti za umati ule mbaki na hotuba tupu. Giza na ukimya wa ukumbini vimekuja baadaye sana. Ni vizuri kwa michezo iliyotungwa kwa ajili yake, na mie nimekaa kwenye giza hilo nikafurahi. Ila si asili ya maigizo, na si yetu.

Kuna jambo linaniuma, nalo nilitaje. Wengi wetu tunaishi kwa miradi. Mradi unataka mchezo juu ya mbu, juu ya ndoa za mapema, juu ya usafi. Sikatai. Nimecheza, nimelisha wanangu kwa kazi hizo, na mengine ni mambo ya uhai wa watu. Lakini mara moja tulipewa mchezo ulioandikwa ofisini, na sharti kwamba mhusika mbaya lazima atubu dakika ya mwisho, na watazamaji wasiseme kitu mpaka wagawiwe karatasi za maswali. Kijiji cha kwanza, mzee mmoja alimuuliza yule mtubia dhambi, "Umetubu lini? Mbona hatujaona?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Tulikatazwa kulijibu. Mwigizaji mwenzangu alisimama pale, kichwa chini, mzee anangoja jibu, na hakupewa. Karatasi ziligawiwa, zikajazwa. Niliona aibu usiku ule ambayo sijaiona hata nilipowahi kusahau maneno mbele ya watu mia tatu.

Mkipewa kazi ya namna hiyo, ombeni jambo moja kabla ya kutia saini: ruhusa ya kujibu. Ujumbe wao utafika vizuri zaidi. Waambieni hivyo.

Na hizi tamthilia zetu zilizoandikwa. Visiwa hivi vimezaa waandishi kama Farouk Topan na Said Ahmed Mohamed, na kazi zao zimefundishwa skuli. Vijana wanajua kuzichambua: dhamira, wahusika, mandhari. Ni wangapi kati yenu mmeziona zikichezwa, na watu wakazijibu? Mikono ni michache, naiona. Tamthilia iliyosomwa kwa mtihani tu ni kama mlo ulioandikwa majina ya viungo vyake. Hilo linataka kazi, na kazi hiyo ni yetu sisi, si ya walimu peke yao. Wao wana silabasi, sisi tuna miili.

Nina ombi dogo, ndilo lililonileta. Kila kikundi kilichopo hapa, mchezo wenu ujao, kabla hamjauleta Ngome Kongwe, kabla ya taa na tiketi za kuingilia, uchezeni barazani. Uchezeni saa ya alasiri, pahala ambapo wazee wanacheza bao na wanawake wanasukana. Msiwaombe wanyamaze. Mkimaliza, msiulize kama wameupenda. Kumbukeni tu wapi walisema na walisema nini, na mrudi nayo mazoezini. Atakayetaka mtu mzima wa kukaa naye barazani siku hiyo, mie nipo, na nauli yangu nitajilipia.

Miaka saba baada ya mchezo ule wa karafuu nilikuwa Mkoani, bandarini, nasubiri boti. Kulikuwa na jua kali, watu wamejipanga na makapu. Mwanamke akanishika bega kwa nyuma. Sikumjua mpaka aliposema. Alikuwa amezeeka, na yule mjukuu sasa alikuwa msichana aliyesimama pembeni na begi la skuli. Hakuniuliza jina. Hakusema kwamba aliniona kwenye mchezo. Alinitazama vile vile alivyonitazama usiku ule kutoka upande wa wanawake, akaniuliza:

"Mwanao karudi?"

Nikamwambia, "Bado, mama."

Akanishika mkono, tukangoja boti pamoja.

Ahsanteni sana.